5G ya kiwandani: modeli igawe nini na isiguse nini

Watu wakisikia "AI inagawa netiweki ya kiwanda" wanafikiria kuna ubongo mmoja umekaa juu unaamua kila ujumbe uende saa ngapi. Hapana bana. Mimi nashughulika na netiweki binafsi za 5G hapa Ujerumani, na ukiniuliza modeli inafanya nini hasa, nitakwambia inafanya kazi ndogo tu ila ya maana: inakisia ni kiasi gani cha redio kiwekwe akiba kwa ajili ya mashine ambazo haziwezi kusubiri. Basi. Mengine yote yanafanywa na kipanga ratiba cha kawaida kabisa ndani ya kituo, yaani mtambo wa netiweki unaoongea na vifaa kwa redio.

Tuanze na redio yenyewe. Huku tangu mwishoni mwa 2019 kiwanda kinaweza kuomba leseni yake chenyewe ya bendi ya 3.7 hadi 3.8 GHz kwa Bundesnetzagentur, ambao ndo mamlaka yao ya mawasiliano, kama TCRA ya Tanzania, unapata mpaka MHz 100 ndani ya eneo lako na hugombani na waifai ya mtu. Zinaonekana nyingi eh? Subiri. Kwa mpangilio wa kawaida hizo MHz 100 zinakatwa vipande 273, na muda unakatwa sloti za nusu milisekunde. Sasa kwenye ratiba inayotumika sana, kila sloti tano, tatu ni za kituo kuongea na vifaa, moja imechanganywa, na moja tu iliyobaki ndo ya vifaa kupandisha data. Yaani kifaa kinapata nafasi ya maana kila milisekunde 2.5, na nafasi hiyohiyo wanaigombania wote.

Wote ni kina nani? Kuna vigari vya kujiendesha vinavyobeba mizigo, tuseme kila kimoja kinatuma baiti 40 kila milisekunde 10, niko hapa, kasi yangu hii, breki ziko sawa. Kuna kamera za ukaguzi zinazomwaga video bila huruma. Kuna tableti za mafundi, sensa za joto na mtetemo ambazo hata zikichelewa sekunde nzima hakuna anayelia.

Baiti 40 ni kitu gani mbele ya vipande 273? Mawimbi hewani yakiwa mazuri ujumbe huo unakaa kwenye vipande viwili vitatu. Lakini kigari kikipita nyuma ya rafu la chuma, kituo kinalazimika kutumia usimbaji mzito zaidi, yaani kuongeza biti za ulinzi, ili ujumbe ufike, na ghafla baiti zilezile zinataka vipande kumi na zaidi. Ikitokea kwa vigari vingi kwa wakati mmoja huku kamera zimeshajaza sloti, hapo ndo balaa. Na mzigo haujaongezeka hata kidogo, kilichobadilika ni mahali kigari kilipo.

Na hapa kuna kitu ambacho watu wa simu wakija viwandani huwa kinawasumbua. Wamezoea kuangalia wastani. Kiwandani wastani haukusaidii sana, kwa sababu kidhibiti cha mashine kina mlinzi wa muda: ujumbe mmoja ukipotea anavumilia, ikipotea mitatu mfululizo (ndo thamani ya kawaida kwa mfano kwenye PROFINET, mfumo wa mawasiliano ya mashine za kiwandani) anaona mawasiliano yamekatika na mashine inasimama. 3GPP, wale wanaoandika viwango vya 5G, nao wameliweka hilo kwenye mahitaji yao ya viwanda, TS 22.104, ule muda ambao programu inaweza kuishi bila kupata ujumbe mpya.

Piga hesabu kidogo. Tuseme asilimia 1 ya jumbe zinapotea. Kama upotevu ungekuwa wa bahati nasibu tu, mitatu mfululizo ni moja kwa milioni, na kigari kinatuma jumbe 360,000 kwa saa, kwa hiyo kingesimama kama mara moja kila saa tatu hivi. Tayari mbaya. Lakini upotevu wa redio hauji mmojammoja, unakuja kwa mafungu. Kwenye bendi hii wimbi lina urefu wa sentimita 8 hivi, kigari kinachokwenda mita 1.5 kwa sekunde kinatumia kama milisekunde 27 kuvuka nusu ya wimbi, na katika muda huo kimetuma jumbe mbili tatu. Kwa hiyo kikiingia sehemu mbaya, zinazopotea ni zile zinazofuatana. Netiweki mbili zenye upotevu uleule wa asilimia 1, moja inasimamisha mashine mara kibao kuliko nyingine, na ripoti ya mwezi inaonyesha zote ziko sawa!

Sasa twende kwenye modeli. Njia wanayoipenda sana watu wa makala za utafiti ni ile ya modeli kujifunza kwa zawadi na adhabu: inaona hali ya netiweki, inachagua mgao, inapewa alama, inajaribu tena. Kila kitu kinategemea alama umezitoaje. Ukiipa zawadi kwa wingi wa data iliyopita, itafanya kama konda wa daladala na wanafunzi, yule mwenye nauli nusu anaachwa kituoni. Baiti 40 haziongezi chochote kwenye jumla, video inaongeza, kwa hiyo modeli inajifunza vizuri kabisa kuvinyima vigari. Na haijakosea, imefanya ulichoiambia. Mimi adhabu naiweka kwenye mfululizo: ujumbe wa kwanza kupotea adhabu ndogo, wa pili kubwa, wa tatu kubwa mno kiasi kwamba video yote ya siku haiwezi kuifidia.

Ila kujifunza kwa kujaribu maana yake ni kukosea makusudi, na hakuna meneja wa uzalishaji atakayekuruhusu ukosee kwenye laini inayotembea, na ana haki. Unajaribu kwenye simuleta, halafu unagundua simuleta haina lile foklifti linaloegeshwa kila siku mbele ya antena. Ndo maana kwa kazi nyingi napendelea kitu cha kishamba zaidi, modeli ya kukisia tu. Kiwanda kina faida ambayo mtaa wa mjini hauna: mambo yanajirudia. Vigari vina njia zilezile, mfumo unaoviongoza unajua kila kimoja kitakuwa wapi sekunde mbili zijazo, zamu zinabadilika saa zilezile. Unachukua rekodi za nguvu ya mawimbi, mahali kilipo kigari na njia yake, unaiuliza modeli vitahitajika vipande vingapi. Miti ya maamuzi ya kawaida inatosha, si lazima mtandao wa neva wenye tabaka hamsini. Cha muhimu usiiambie ikisie wastani. Iambie ikisie kiwango ambacho mahitaji yatakizidi mara moja tu kati ya elfu, maana ukiweka akiba ya wastani, karibu nusu ya muda utakuwa umepungukiwa.

Halafu kuna suala la kasi. Uamuzi wa sloti ni kila nusu milisekunde, huko modeli ya nje haifiki. Kwenye O-RAN, mfumo wa wazi wa netiweki za redio, kidhibiti cha karibu, yaani programu ya nje ya kituo ambamo modeli inakaa, kinafanya kazi kwenye mzunguko wa milisekunde 10 hadi sekunde 1, kwa hiyo kinachotumwa ni mpaka: vipande kadhaa ni vya vigari kwa sasa, vilivyobaki kamera zigawane. Na chini yake nafunga sheria ngumu ambayo modeli haiwezi kuigusa, akiba isishuke chini ya kiwango fulani, na kigari kilichoshapoteza jumbe mbili kinapewa nafasi mbele ya kila mtu bila kumuuliza modeli. Modeli ikifa au ikinyamaza tunarudi kwenye mgao usiobadilika, kamera zinapata ukungu kidogo, uzalishaji unaendelea.

Ukisoma makala inayosema modeli yao imeshinda, angalia kwanza imeshindana na nani. Nyingi zinajilinganisha na mgao wa zamu kwa zamu, ambao hata mimi nikiwa nimelala naushinda. Walinganishe na mgao wa kudumu uliopangwa na fundi anayekijua kiwanda, ambapo kila kigari kina nafasi yake bila hata kuomba. Kwa vigari vichache huo mgao ni mgumu sana kuupiku, na kusema kweli kama una vigari vichache na kamera moja, achana na modeli. Inaanza kulipa pale unapokuwa na vifaa vingi kiasi kwamba ukimpa kila mmoja akiba ya hali mbaya kabisa, vipande vinaisha kabla kamera haijapata hata kimoja.

Na wakihamisha rafu, makisio yote yanapinda. Kwa hiyo mimi huwa naweka kengele inayolinganisha makisio na kilichotokea, ikilia akiba inapanda yenyewe mpaka modeli ifundishwe upya kwa rekodi mpya, na hizo rekodi ziwe na muda sahihi hadi milisekunde, maana bila hivyo hata huwezi kujua ni zipi zilipotea kwa mfululizo.