Ukimwambia mtu “tulia” hatulii: dhana potofu kuhusu hasira na utulivu kazini

Anayekaa dirishani mwisho wa mwezi, awe wakala wa pesa za simu, keshia wa duka la jumla au dada wa mapokezi zahanati, hapungukiwi washauri. Kila mtu ana la kumwambia kuhusu hasira, na wengi wao hawajawahi kusimamiwa na foleni ya watu ishirini huku mtandao umekata. Baadhi ya ushauri huo ni nusu ya ukweli. Mwingine ni uongo uliovalishwa tai ukapandishwa jukwaani kwenye semina.

“Ukitoa hasira zote, moyo unakuwa mweupe”

Hii inaaminika kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Mtu anakwenda nyuma ya duka anapiga teke kreti la soda, anamtukana mteja ambaye ameshaondoka, anaamini joto linatoka kama mvuke sufuria ikifunuliwa.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio alilofanya kwa wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Waliandika insha, na insha zikarudi zimepondwa bila huruma, makusudi ili wakasirike. Kundi moja likapewa gunia la ndondi walipige huku wakimfikiria aliyewaponda. Kundi la pili likapiga gunia likiambiwa lifikirie mazoezi tu. La tatu halikupiga chochote, likakaa kimya dakika mbili. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi, na walipopewa nafasi ya kumlipiza kwa kumpigia makelele masikioni, wakamkomoa kuliko wengine wote. Waliokaa kimya ndio waliokuwa wapole.

Mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik wakajumlisha tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Vilivyoshusha hasira ni vile vinavyoupoza mwili: kupumua taratibu, kulegeza misuli, kutafakari. Vinavyouchemsha mwili havikusaidia kwa ujumla, na kukimbia kulielekea kuiongeza. Kimbia kwa ajili ya moyo wako na presha yako, ni jambo jema, ila usikimbie ukitegemea hasira ibaki njiani.

Na kusimulia je? Inategemea unasimulia nini. Ukimweleza mwenzako kilichotokea mkatafuta mteja yule akirudi kesho mtamjibu vipi, hiyo ni kazi. Kukaa kijiweni kila jioni mkimchambua bosi yuleyule kwa kosa lilelile ni gunia la ndondi, tofauti ni kwamba hapo mnanywa chai.

“Basi imeze, ndiyo uungwana”

Upande wa pili wa shilingi, na huu unapendwa sana na mameneja. Miaka ya 1990 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu fupi za kuchukiza na za kuhuzunisha, wengine wakiambiwa wafiche kabisa wanachokihisi, mtu akiwatazama asijue. Nyuso zilifichika kweli. Ndani, mishipa ya fahamu inayouandaa mwili kwa hatari ilifanya kazi zaidi kuliko ya wale walioachwa huru, na huzuni yenyewe haikupungua. Tafiti za Gross zilizofuata zikaonyesha kwamba wanaojikaza uso hukumbuka vibaya mambo yaliyosemwa mbele yao wakati huohuo.

Kwa anayehesabu noti, hilo si jambo dogo. Akili iliyoshughulika kuulinda uso haihesabu vizuri.

Kilichoonekana kufanya kazi bila gharama hiyo ni kubadilisha tafsiri mapema, kabla hisia hazijapanda. Mteja anayeingia akifoka “mnatuibia!” unaweza kumsoma kama adui, au kama mtu aliyeshtuka. Ukishamsoma kama adui, kujizuia baadaye ni kazi ya punda.

“Mteja akiwaka, mwambie atulie”

Tazama dirishani. Mama amefika simu mkononi, jasho linamtoka. Ametuma laki mbili za ada, tarakimu ya mwisho ya namba ya simu amekosea. Kijana wa ndani anamwambia, “Mama, tulia kwanza.” Sauti inapanda: “Nitulie vipi na hela ya mtoto inaondoka?” Na ana haki. Kwake neno hilo lina maana kwamba shida yake si kubwa kama anavyoiona, na muda nao unakwenda.

Sasa msikilize mwingine. “Shikamoo mama. Pole, lazima ushtuke, ada ya mtoto hii. Nionyeshe ujumbe wa muamala. Umetuma saa ngapi? Dakika tano? Tupige huduma kwa wateja sasa hivi, kabla aliyepokea hajatoa.” Hakumwambia atulie popote. Amemwamkia, ametaja hofu yake, kisha akampa kitu cha kufanya kwa mikono yake. Mama anapotafuta ujumbe ule, anapunguza sauti mwenyewe.

Kutaja hisia kuna ushahidi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakiwaonyesha nyuso zenye hisia kali. Waliochagua neno la kuitaja hisia hiyo, amigdala zao, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu na tahadhari, zilipunguza shughuli. Maabara si Kariakoo, najua, lakini makarani wazoefu wamekuwa wakifanya hivyo bila mashine.

Hata kujiambia mwenyewe “nimetulia” si dawa ya uhakika. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliokuwa na wasiwasi kabla ya kuhutubia, kuimba karaoke au kufanya hesabu walifanya vizuri zaidi walipojiambia wamesisimka kuliko walipojilazimisha kutulia. Moyo unaodunda ni rahisi kuupa maana nyingine kuliko kuuamuru usimame.

“Uso wa mtu ni kitabu, na asilimia 93 ya mawasiliano si maneno”

Hiyo asilimia 93 imezeeka kwenye semina. Ilitokana na majaribio mawili ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyouliza jambo moja dogo: neno moja likitamkwa kwa sauti au kwa uso usiolandana nalo, msikilizaji ataamua vipi kama anapendwa au hapendwi? Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu ile haihusu mazungumzo kwa ujumla. Ingekuwa kweli, ungeelewa taarifa ya habari ya Kichina kwa kumtazama msomaji.

Na nyuso? Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa saikolojia na fani jirani lililoongozwa na Lisa Feldman Barrett lilipitia zaidi ya tafiti elfu moja likakuta kwamba watu wenye hasira mara nyingi hawakunji uso, na wanaokunja uso mara nyingi hawana hasira. Wengine wanawaza tu, au jua linawachoma macho. Huku kwetu ongeza la adabu: binti anayeinamisha macho mbele ya mkubwa huenda anamheshimu, wala hafichi wizi. Ukitaka kujua, uliza.

“Vuta pumzi ndefu”

Nusu kweli. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na hupunguza unapoitoa, hivyo faida iko zaidi kwenye kuitoa taratibu. Ukivuta kwa nguvu na haraka mara nyingi, kaboni dayoksaidi inashuka kwenye damu na unapata kizunguzungu, mteja yuko palepale.

“Hisia yoyote huisha kwa sekunde 90”

Philippe Verduyn na Saskia Lavrijsen wa Ubelgiji waliwauliza wanafunzi 233 wa sekondari hisia zao zilidumu muda gani, wakachapisha majibu mwaka 2015. Aibu na karaha zilichukua kama nusu saa. Huzuni ilifika saa 120, yaani siku tano. Zilizodumu ni zile zilizotokana na mambo mazito, na zile ambazo mtu aliendelea kuzirudia kichwani. Mwenzako aliyefiwa na mzazi akirudi kazini Jumatatu, usimhesabie sekunde.

“Anayechoka hana moyo wa kazi”

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alieleza jinsi wahudumu wa ndege wanavyolipwa pia kwa kutabasamu, na kwamba tabasamu hilo ni kazi kama kubeba mizigo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likafafanua uchovu wa kupindukia kuwa hali inayotokana na msongo sugu wa kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo, wenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na utendaji kushuka. Wameuweka upande wa kazi, hawakuuita ugonjwa wa mtu.

Kwa hiyo meneja anayeleta mkufunzi wa utulivu huku shoti ya jioni, yaani pesa iliyopungua kwenye hesabu, inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara wa keshia, bila hata kukagua ilitoka wapi, amelipia kitu kisichofika kwenye tatizo. Tarehe 28 hadi tarehe 5, weka mtu wa pili dirishani. Mtandao ukikata, bandika karatasi mlangoni kabla watu hawajapanga foleni. Na mtoa huduma aliyetoka kutukanwa apewe dakika chache za kukaa nyuma, bila kuombwa maelezo.