Mpira wa Breki Unaweza Kuwa Mzima Nje na Mbovu Ndani

Msimu wa korosho ukianza, pikapu hushuka kutoka Newala kwenda Masasi zikiwa zimesheheni magunia, na mteremko ule hauzipi breki nafasi ya kupumzika. Sisi tunaofundisha ufundi magari huulizwa sana kuhusu pedi. Mipira ya breki, inayounganisha bomba la chuma na kalipa ya gurudumu (kifaa kinachobana pedi ili gurudumu lisimame), ni nadra kuulizwa, na hilo linanipa wasiwasi.

Mpira huo una tabaka la ndani linalopitisha oili ya breki, nyuzi imara zilizosukwa, kisha tabaka la nje. Hupinda kila unapokata kona au kuingia shimoni. Huku kwetu pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, chumvi ya hewani nayo hula vyuma vya ncha zake.

Kuukagua si kazi ngumu. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, toa gurudumu, kisha safisha mpira kwa kitambaa. Ukunje kidogo chini ya tochi: nyufa zilizojificha hufunguka hapo. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu huku wewe ukitazama. Sehemu yoyote ikituna, mpira huo haufai tena. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama mpira unasuguana na tairi au shokapu. Mipira mingi ina mstari uliochorwa kwa urefu wake. Mstari ukizunguka kama kamba iliyosokotwa, mpira ulifungwa vibaya.

Ubovu wa ndani ndio unaowapoteza mafundi. Tabaka la ndani huvimba au kuchanika, oili ikaenda kwenye kalipa lakini isirudi. Gari huvuta upande mmoja, rimu inachemka, na mwenye gari anauziwa kalipa mpya bila sababu. Kabla ya kununua, kanyaga breki uachie. Gurudumu likibaki limekamatwa, legeza kidogo kiungo cha bomba la chuma, juu ya mpira. Likiachia, tatizo liko huko juu, pengine kwenye masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali ya breki. Likigoma, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia sasa, mpira umeziba. Likigoma bado, hapo ndipo uishuku kalipa.

Kuna tabia ya kubana kwa koleo mpira unaovuja ili gari lifike mjini kwa breki za magurudumu matatu. Naikataa kabisa. Vilevile, usiache kalipa ining'inie kwa mpira wake unapobadili pedi. Ifunge kwa waya.

Badilisha mipira ya kushoto na kulia kwa pamoja, na washa za shaba ziwe mpya. Weka oili iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la oili ya breki, aina ya DOT 3 au DOT 4, kamwe si oili ya injini, kwa sababu huvimbisha mipira ya mfumo mzima. Oili ya breki hunyonya unyevu, hivyo ibadilishwe takriban kila miaka 2. Ukishatoa hewa kwenye mfumo, pedali iwe ngumu mguuni, na kesho yake kagua tena viungo vyote kwa kidole kikavu. Kikipata unyevu, gari lisitoke.