"Ni mitishamba tu" haifungui tangazo lililofungiwa

Wauzaji wengi wakifungiwa kirutubisho kwenye soko la mtandaoni hukata rufaa kwa hoja moja: ni dawa ya asili, haina kemikali. Hoja hiyo haisaidii. Mkaguzi hapimi uasili; anaangalia maneno uliyoandika na karatasi ulizonazo.

Anza na maneno. "Hutibu kisukari" huigeuza tangawizi kuwa dawa isiyosajiliwa. Ukiyafuta kwenye maelezo lakini yakabaki kwenye picha ya chupa, rufaa itagonga mwamba, na hapo ndipo wengi hukwama. Kagua pia kichwa cha tangazo na maneno ya utafutaji yaliyofichwa.

Kisha ambatisha cheti cha uchunguzi kutoka maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji), kinachoonyesha matokeo ya vipimo vya metali nzito na vijidudu, pamoja na ankara ya msambazaji na picha za lebo pande zote. Namba ya bechi (toleo la uzalishaji) kwenye cheti ifanane na ya chupa, hadi herufi ya mwisho. Barua iwe fupi: kosa, ulichorekebisha, viambatisho. Malalamiko yaache.

Ila kama kiambato chenyewe kimepigwa marufuku, usijisumbue, ondoa bidhaa.