Udhihirishaji wa protini si protini ya mezani

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimemsikia mtu akisema mgonjwa wake wa saratani ya tumbo "ana protini nyingi", na safari hii ilikuwa sokoni Majengo, hapa Dodoma, ambapo mama mmoja aliliacha fungu la maharage kwa kuwa majibu ya mumewe yalionyesha protini ya HER2, ile inayohimiza seli kukua, kwa alama ya 3+.

Udhihirishaji wa protini ni kiasi ambacho seli zenyewe zinaitengeneza protini fulani kwa kufuata maelekezo ya jeni. Neno hilo limezaliwa na dhahiri, nami nalipenda kuliko "wingi wa protini", kwa sababu wingi humpeleka msikilizaji jikoni, ilhali dhahiri humkumbusha kwamba jambo lililofichika ndani ya jeni sasa limejitokeza kwenye seli. Linajitokeza kwa macho kabisa: kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe hupasuliwa vipande vyembamba mno, hutiwa dawa inayoishika protini hiyo peke yake, kisha chini ya hadubini kingo za seli huonekana zimezungukwa na rangi ya kahawia, na ukolezi wa rangi hiyo ndio unaopewa alama kuanzia 0 hadi 3+. Protini ya maharage humeng'enywa ikavunjikavunjika. Haiendi kujibandika kwenye uvimbe.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kuichukua 3+ kama hukumu ya kifo. Tafiti zimetofautiana kuhusu iwapo HER2 peke yake hufupisha maisha ya mgonjwa wa saratani ya tumbo. Utafiti wa ToGA, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahusu wagonjwa wenye HER2 iliyozidi ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika mbali, na waliopewa trastuzumab, dawa inayoilenga HER2, pamoja na tibakemikali waliishi miezi 13.8, wakati waliopewa tibakemikali pekee waliishi miezi 11.1. Hata miezi hiyo ni alama ya katikati ya kundi, yaani nusu ya wagonjwa waliivuka, na haimtajii mtu yeyote siku yake.

Nilimwambia, "Mama, mnunulie maharage yake. Hiyo 3+ ni ya kumwonyesha daktari dawa inayoilenga protini hiyo. Mkirudi kliniki, muulizeni kuhusu dawa hiyo."