Kuhama chuo hakufuti C yako: dhana potofu za wanafunzi wa premed Marekani

Kila muhula ukiisha na matokeo ya kemia yakitoka, wanafunzi wetu wa premed walioko Marekani, yaani wanaojiandaa kuomba chuo cha udaktari, huja na wazo lilelile: "Nitahama chuo, nianze na GPA (wastani wa gredi) mpya." Wanalisema kwa uhakika kabisa, kana kwamba lipo kwenye sheria. Halipo.

Kosa linapoanzia panaeleweka. Chuo kipya hupokea krediti, mara nyingi hakipokei gredi. Ukihamia na krediti 60, transkripti yao (orodha rasmi ya kozi na gredi) itaonyesha tu kwamba zimekubaliwa, na GPA itaanza kuhesabiwa kwa kozi utakazosomea hapo. Kwenye karatasi hiyo huna doa. Shida ni kwamba vyuo vya udaktari havikupimi kwa karatasi hiyo. Vingi vinavyotoa shahada ya MD hupokea maombi kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, nayo inadai transkripti rasmi ya kila chuo cha Marekani ulichowahi kujiandikisha, hata kama ulikwenda kusoma kozi moja ya kiangazi. Unajaza kozi moja moja, krediti zake na gredi yake, wao wanalinganisha na transkripti, kisha wanakokotoa GPA zao wenyewe: ya jumla, na nyingine ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake.

Chukua kalamu. Krediti 60 za kwanza umepata 2.8, ukahama, ukapata 3.8 kwenye krediti 30 za mwaka wa tatu. Chuo kipya kinakusomea 3.8. AMCAS inazidisha 60 kwa 2.8, inajumlisha na 30 mara 3.8, inagawanya kwa 90: 3.13. Ukisubiri umalize mwaka wa nne kwa kasi hiyohiyo ndipo uombe, inafika 3.3. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kusubiri unaweza kukufaa kuliko kuhama kwenyewe. Na fomu ya AMCAS huonyesha GPA mwaka kwa mwaka, hivyo kupanda kwako kutaonekana hata ungebaki ulipo.

Kurudia kozi ni vilevile. Kemia ya jumla ya krediti 4 uliyopata C, ukairudia ukapata A, chuo chako huenda kikaifuta ile C. AMCAS inazihesabu zote mbili (C ni pointi 2 kwa krediti, A ni 4): pointi 8 na pointi 16 kwa krediti 8, yaani 3.0. Wanaobisha huwa wamesikia habari za AACOMAS, mfumo wa maombi wa vyuo vya osteopathia (vinavyotoa shahada nyingine ya udaktari, DO), ambayo kweli iliwahi kuhesabu gredi ya kurudia peke yake. Utaratibu huo ulikoma 2017. Ushauri wa zamani bado unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Na kabla hujauliza: kutokitaja chuo cha kwanza ni udanganyifu. Ukigundulika, uchunguzi unafunguliwa na vyuo ulivyoomba vinaarifiwa.

Sababu halali za kuhama zipo. Ada ndiyo nzito kuliko zote, maana baada ya shahada ya kwanza kuna miaka minne mingine ya udaktari ya kulipia. Kukosa kozi za maabara zinazohitajika, au kuwa mbali mno na hospitali unayoweza kufanyia kazi za kujitolea, nazo zinatosha. Gredi mbaya hazimo. Kama tatizo ni namna unavyosoma, utahama nalo.

"Krediti zimekubaliwa, kwa hiyo kozi imekubaliwa." Sivyo. Krediti inaweza kupokelewa kama kozi ya hiari tu, na kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) ukatakiwa kuianza upya. Kozi hii ndiyo inayoumiza wahamaji. Chuo kimoja hufundisha spektroskopia sehemu ya kwanza, kingine sehemu ya pili. Ukihama katikati utaisoma mara mbili au usiisome kabisa. Anayetoka kwenye mfumo wa robo (vipindi vitatu vifupi kwa mwaka wa masomo) kwenda wa semesta (vipindi viwili) ana kazi zaidi: krediti moja ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya semesta, na mfululizo wa robo tatu unageuka semesta mbili. Ukiondoka baada ya robo mbili hujui uko wapi. Hama mfululizo ukiwa umekwisha, wala si siku moja kabla. Weka PDF ya silabasi ya kila kozi yenye saa za maabara na kitabu kilichotumika. Anayeamua kama kozi zinalingana ataidai, na mwalimu wako anaweza kuwa keshaondoka.

Jina kubwa la chuo? Linasaidia kidogo, lakini halifidii GPA ya 3.1. Kama huko utakuwa wa mwisho darasani, baki.

Chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) hakikuharibii maombi, ila usimalizie sayansi zote huko. Soma baiokemia na kozi za juu za biolojia kwenye chuo cha miaka minne.

Barua za mapendekezo hazikumbukwi mpaka zimechelewa. Ukihama baada ya mwaka wa pili na kuomba mwishoni mwa wa tatu, una semesta mbili tu za kufahamika na walimu wawili wa sayansi. Omba barua kwa walimu wa chuo cha zamani kabla hujafunga mabegi.

Wenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, wana jambo la ziada. Vyuo vingi vya udaktari havipokei wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya vinavyowapokea hudai ushahidi wa fedha za miaka kadhaa, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kuhangaikia kuhama. Ukishaamua, pata kwanza barua ya kukubaliwa, kisha mwone DSO (afisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni) wa chuo unachotoka mpange tarehe ya kuachia rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi hao. Baada ya tarehe hiyo rekodi iko mikononi mwa chuo kipya, ndicho kinachotoa I-20 (hati ya kustahili viza ya mwanafunzi), na masomo lazima yaanze ndani ya miezi 5. Wanaoacha masomo kwanza ndipo watafute chuo huenda wakakuta rekodi imeshafungwa, na hapo kuhama kunakuwa kugumu zaidi.