Nilimwambia apunguze mwanga wa simu, kichwa kikazidi kuuma

Miaka miwili iliyopita alikuja kliniki mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke wa miaka 34. Macho yalikuwa yanamchoma na kichwa kinamgonga juu ya nyusi kila akishika simu usiku. Simu yenyewe alikuwa ameinunua mwezi uleule, nzuri na ya bei ya juu. Ile ya zamani alikuwa ameitumia miaka minne bila shida yoyote.

Nilimpima kama ninavyowapima wote. Herufi za ukutani alizisoma hadi mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, jicho la kulia na la kushoto. Lenzi nilizomjaribisha hazikumwongezea kitu. Nikachukua penseli, nikaisogeza taratibu kuelekea puani kwake kuona kama macho yote mawili yanaifuata pamoja, yakaifuata vizuri hadi karibu kabisa. Machozi nayo yalikuwa ya kutosha. Sikuona kasoro.

Basi nikampa ushauri ninaoutoa kila siku: mwalimu, punguza mwanga wa simu, hasa usiku, na kila baada ya dakika 20 inua macho uangalie mbali kidogo. Akashukuru, akaondoka. Wiki mbili baadaye akarudi na hali mbaya zaidi. "Daktari, nimeushusha mwanga mpaka maandishi siyaoni vizuri, na sasa hata kichefuchefu napata." Nikampima tena, nikakuta yaleyale. Sikuwa na jipya la kumwambia, na naona vibaya mpaka leo nikikumbuka kwamba nilimgusia habari ya msongo wa mawazo.

Mara ya tatu hakuja kuumwa. Simu ilikuwa imemdondoka, kioo kikapasuka, na fundi akamwambia kioo original ni ghali mno, akamwekea cha bei nafuu. Rangi zilikuwa zimefifia na nyeusi imekuwa kama kijivu. Lakini kichwa kilikuwa kimeacha kuuma tangu siku ileile. Alikuja kuniuliza swali moja tu: kwa nini kioo cha kopi kimeniponya?

Swali hilo ndilo lililonifundisha ninayoyaandika hapa.

Vioo vya simu viko vya aina mbili kubwa. Cha LCD kina taa ndogo nyuma au pembeni yake, na mwanga wa taa hiyo hupita kwenye tabaka linalotengeneza picha. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zinazouzwa kwetu ni za aina hii. Cha OLED, ambacho kwa wengine huitwa AMOLED, hakina taa ya nyuma: kila nukta inawaka yenyewe. Ndiyo maana rangi nyeusi ya OLED ni nyeusi kweli. Nukta zake zimezimwa. Na vioo vingi vya bei nafuu ambavyo mafundi huviweka mahali pa OLED, vile wanavyoviita incell, ni LCD. Mwalimu wangu alikuwa ametoka OLED akaingia LCD bila kujua.

Tofauti iliyomgusa ilikuwa jinsi kioo kinavyopunguza mwanga. Fikiria taa ya chemni. Ukitaka mwanga mdogo unashusha utambi, na moto unabaki mdogo lakini hauzimiki hata kidogo. Vioo vingi vya LCD hufanya hivyo: umeme unaokwenda kwenye taa unapunguzwa. Sasa fikiria mtu ambaye haugusi utambi kabisa. Moto ni uleule mkubwa, ila yeye anaufunika na kuufunua kwa kiganja haraka mno, na akitaka chumba kiwe na giza zaidi anakawiza kiganja juu ya taa. Jicho linajumlisha nyakati za mwanga na za giza, linasema mwanga umepungua. Kumbe haukupungua, umekatwakatwa. Njia hii mafundi huiita PWM, na OLED nyingi hupunguza mwanga kwa njia hiyo.

Watengenezaji hawafanyi hivi kwa kupenda. Nukta za OLED zikipewa umeme kidogo sana hazitulii: moja inawaka zaidi ya jirani yake, rangi zinahama, na kijivu kinatoka na madoa. Kuziwasha kwa nguvu na kuzikata kunafanya rangi zibaki sawasawa. Kwa upande wa picha ni uamuzi wenye akili, na mimi siulaumu. Gharama yake wanailipa watu wachache wenye macho kama ya mwalimu.

Simu nyingi zinazojulikana za OLED, iPhone za miaka mingi pamoja na Galaxy nyingi, hukata mwanga mara 240 hivi kwa sekunde, yaani 240 Hz. Tafadhali usiichanganye na ile 120 Hz inayoandikwa kwenye boksi. Ile ni idadi ya mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde, si kipimo cha kukatwa kwa mwanga. Kwa 240 Hz, mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima unachukua kama milisekunde nne. Mwanga ukiwa juu, sehemu kubwa ya hizo nne ni mwanga. Ukishusha mpaka chini, kioo kinawaka kidogo tu kisha kinakaa gizani muda wote uliobaki. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kwa kumwambia apunguze mwanga usiku, nilikuwa nimempeleka mahali ambapo kioo kile kinakatakata mwanga kwa ukali kuliko popote.

Lakini binadamu haoni vitu vinavyowaka na kuzima mara 240 kwa sekunde, utasema. Kweli, ukikodolea macho nukta moja huoni kitu. Macho mengi huanza kuona mwanga umetulia ukivuka mara 60 hadi 90 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba tukisoma hatukodoi macho. Jicho linaruka kutoka fungu moja la maneno kwenda jingine, mara tatu au nne kila sekunde, na kila ruko ni la kasi sana. Mwanga ukiwa wa mfululizo, ruko hilo linaacha ukungu ambao ubongo unaufuta. Mwanga ukiwa wa kukatwakatwa, kila mmweko unachapa picha mahali pengine nyuma ya jicho, na ubongo unaletewa safu ya picha mahali pa ukungu. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba watu huweza kuitambua safu hiyo jicho linaporuka hata mwanga ukikatwa zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde.

Na hili la mwanga usioonekana ukichezacheza kuumiza kichwa si jambo la simu peke yake. Waliosoma kwenye madarasa yenye taa za tyubu na feni ya dari watakumbuka jinsi mapanga ya feni yalivyokuwa yakionekana kama yamesimama au yanarudi nyuma. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo tyubu yenye choki ya zamani hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na feni ilikuwa inakuonyesha jambo ambalo macho yako yasingeliona. Mwaka 1989 mtafiti Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa ofisini nchini Uingereza. Kwa kipindi fulani walifanya kazi chini ya tyubu za choki ya kawaida, kwa kipindi kingine chini ya tyubu zinazoendeshwa kwa kasi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na hawakuambiwa ni zipi. Maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua zaidi ya nusu chini ya zile za kasi. Nilipousoma utafiti huo nilimfikiria mwalimu, na lile neno langu la msongo wa mawazo likanichoma.

Baadaye, taa za LED zilipoenea, taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mwaka 2015 mwongozo namba 1789. Uliandikwa kwa ajili ya taa, si simu, lakini hesabu zake zinasaidia kupima. Kwa mwanga unaochezacheza mara 240 kwa sekunde, ili hatari iwe ndogo, kupanda na kushuka kwake kusizidi asilimia 19 hivi. Kioo kinachozima kabisa kati ya mmweko na mmweko kimefika asilimia 100. Ukivuka mara 1,250 kwa sekunde mwongozo hauweki tena kikomo cha hatari ndogo, na juu ya 3,000 unahesabu kuwa hakuna athari.

Mwalimu alipokuja ile mara ya tatu nilifunga mapazia ya chumba cha kupimia, tukafanya jaribio ambalo hata wewe unaweza kulifanya leo usiku. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye simu, shusha mwanga mpaka robo, zima taa za chumbani. Shika penseli mbele ya kioo uipunge haraka kushoto na kulia. Kama mwanga ni wa mfululizo utaona ukungu mmoja laini uliotanda. Kama unakatwa, utaona penseli nyingi zimesimama kando kwa kando, kama meno ya kitana. Kwenye simu yake yenye kioo kipya tuliona ukungu. Kwenye simu ya muuguzi, ambayo ni LCD, ukungu. Kwenye simu yangu mimi, OLED, kitana, tena meno yake yamekolea. Na mimi nilikuwa nimeitumia karibu miaka miwili bila kuumwa hata siku moja.

Kwa hiyo watu hatufanani katika hili. Wenye kipandauso huwa wepesi kudhurika na mwanga unaochezacheza. Wengine hawana kipandauso na bado wanaumia. Anayeumia si mdhaifu wala hajifanyi, na familia inayomwambia "mbona sisi tunatumia simu hiyohiyo" inamwonea bure.

Hata hivyo usikimbilie kulaumu kioo. Wengi wanaokuja kwangu na macho yaliyochoka kwa simu wana sababu za kawaida zaidi. Mtu akikodolea simu husahau kupepesa, na macho yanakauka. Amevuka miaka 40 na anahitaji miwani ya kusomea lakini anaikwepa. Ana dosari ndogo ya uoni ambayo hakuwahi kupimwa. Hayo yapimwe kwanza. Na kama jicho linauma ghafla, limekuwa jekundu, uoni umeshuka, au unaona duara za rangi kuzunguka taa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hilo si jambo la simu. Dalili ya kioo kinachokatakata mwanga ni hadithi ya mwalimu: imeanza na simu mpya, inazidi usiku mwanga ukiwa chini, inapungua ukishika simu nyingine.

Neno moja kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kuuziwa moja kabla hajanifikia. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Na kwa tatizo hili haiwezi kusaidia hata kwa hesabu. Mwanga unaokatwa mara 240 ukipita kwenye lenzi ya njano kidogo, unatoka umekatwa mara zilezile 240.

Kinachosaidia ni kuuacha mwanga wa kioo juu, kisha kuipunguza picha yenyewe. Simu za Android kuanzia toleo la 12 zina mpangilio unaoitwa Extra dim, na iPhone zina Reduce White Point kwenye sehemu ya Accessibility. Pandisha mwanga mpaka nusu au zaidi, kisha washa mpangilio huo mpaka macho yaridhike. Baadhi ya simu, Xiaomi na OnePlus kwa mfano, zimekuwa na toleo la kupunguza mwanga kwa umeme badala ya kuukata, linaloitwa DC dimming. Ukilikuta kwenye mipangilio ya kioo, liwashe, ulinganishe kwa penseli. Washa pia taa ya chumbani. Gizani utataka tu kuushusha mwanga wa simu, na ukiushusha umerudi kulekule.

Kama unanunua simu na unajijua, usilipe kabla ya kuipima. Muombe muuzaji aiwashe, shusha mwanga, fungua ukurasa mweupe. Toa simu yako nyingine, weka kamera kwenye hali ya Pro na kasi ya shata iwe 1/2000 au zaidi, kisha iangalie ile mpya kupitia kamera. Mistari mipana myeusi inayotembea juu ya kioo inakuambia mwanga unakatwa polepole na kwa ukali. Mistari myembamba sana, au kutokuwepo kabisa, ni habari njema. Kampuni kama Honor wana simu za OLED zinazokata kwa 3,840 Hz, kwa hiyo kukimbia OLED zote si lazima. LCD pia si dhamana, kwani ziko ambazo taa yake ya nyuma hukatwa vilevile. Ipime iliyo mkononi mwako, boksi liache.

Mwalimu ameshabadilisha simu tena. Alinipigia akiwa dukani, anaeleza anachokiona kwenye kamera, mpaka akaipata ya nne iliyomridhisha. Na mimi kwenye kadi ya kliniki, chini ya mstari wa miwani na magonjwa ya familia, nimeongeza maswali mawili kwa kila anayelalamika kichwa: ulianza lini kutumia simu hii, na usiku unaweka mwanga kiasi gani? Penseli ya kupimia macho sasa naitumia mara mbili kwa mgonjwa mmoja.