Kijiti hakijasafiri: kinachowatoa wanawake wa Dar kwenye uzazi wa mpango

Mama mmoja anayeuza vitumbua Mbagala Rangi Tatu alikuja kituoni kwetu, akapandisha mkono wa gauni na kusema, "Nesi, nitolee hiki kijiti. Jirani kaniambia kimeshaanza safari, kinaelekea kwenye moyo." Nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya kijiti hicho cha kuzuia mimba. Kilikuwa palepale kilipowekwa, chini ya ngozi, chembamba kama njiti ya kiberiti. Akacheka. Halafu akasema lililomleta hasa: damu. Inatoka leo, kesho inakata, siku ya nne imerudi, na baba watoto ameanza kuuliza.

Nikamuuliza siku anawekewa aliambiwa nini.

"Kwamba kinakaa miaka mitatu. Basi."

Tukizungumzia vikwazo vya uzazi wa mpango, mara nyingi tunataja umbali wa zahanati na elimu ndogo. Kwa jiji hili maelezo hayo hayanitoshi. Vituo vya serikali vinatoa huduma bure, na bado sijakutana na mwanamke wa Temeke ambaye hajasikia habari za sindano ya kuzuia mimba. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 walio kwenye ndoa nchini, 31 ndio wanaotumia njia za kisasa. Utafiti wa 2015-16 ulikuta 32. Wengi ninaokutana nao walishaanza, wakaacha, na walioacha nikiwauliza sababu, jibu huwa damu.

Sindano na vijiti vina homoni ya projestini. Huzuia yai kupevuka, hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na ukuta wa ndani wa mji wa mimba unakuwa mwembamba. Ukuta huo ndio unaobomoka na kutoka kama hedhi. Ukiwa mwembamba, damu hutoka matone matone bila ratiba, au hukata kabisa. Ikikata, haijajikusanya tumboni na kuwa uvimbe, kama inavyosemwa saluni. Hakuna kilichojengeka cha kutoka. Na ikisumbua, zipo dawa za kuipunguza.

Maelezo haya hayafiki dakika tano, na tunayaruka kwa sababu foleni ni ndefu. Kumbe kwa mwanamke, damu isiyo na mpangilio si suala la pedi tu. Ni swala na funga: anajiuliza kama hii ni hedhi, inayomzuia kuswali na kufunga, au ni istihadha, damu ya nje ya hedhi isiyomzuia, na Ramadhani ikikaribia wasiwasi unazidi. Ni siri pia. Wapo wanaoacha kadi ya kliniki kwa shoga ili mume asiione, ingawa miongozo ya huduma haidai ridhaa ya mume. Damu ikivuruga mambo, siri imetoka.

Sindano ina la kwake. Huchomwa kila miezi mitatu, na ukiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, pengine hata mwaka. Asiyeambiwa mapema atarudi mtaani akisema imemuua kizazi, na nani atamlaumu?

Linaloniudhi zaidi ni letu sisi wahudumu. Mwanamke anaomba kijiti kitolewe, anaambiwa vumilia, mbona miaka haijaisha. Kukitoa ni ganzi kidogo na dakika chache, na ni haki yake hata kama kiliwekwa juzi. Akizungushwa mara mbili anakwenda kulipia kwingine, kisha anawasimulia wenzake kisimani kwamba ukiwekewa hutolewi. Hakuna bango litakalofuta simulizi hiyo.

Wanaonyonyesha nao wajue: kunyonyesha kunazuia mimba iwapo mtoto hajafika miezi sita, hapewi kitu kingine chochote, hata maji, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, hiyo kinga usiitegemee.

Yule mama nilimweleza yote, nikamwambia kuna dawa ya kutuliza damu. Alisikiliza, akasema bado anataka kitoke. Nikakitoa. Nilimpima presha, ikawa nzuri, akaondoka na vidonge vyenye homoni mbili, ambavyo hupanga hedhi vizuri zaidi. Aliomba apewe kijiti akamwonyeshe jirani. Sikumpa, kwa kuwa ni taka za hospitali, ila alikipiga picha kwa simu.